Ulanzi wa Lyamwiko

Jumapili, 9 Januari 1977

Naandika kwa sababu ya ubishi. Jana pale zahanati Nesi Juliana alinishika goti, akalikunja, likalia kama mlango mbovu. Akasema, "Hii ni baridi yabisi, mzee. Unakunywa pombe?" Nikamwambia pombe sinywi, nakunywa ulanzi, maji ya mianzi tu. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Nikamweleza polepole, maana hawa vijana huwaelewi mpaka uwatafunie. Kila jioni mkwe wangu Kalinga ananiletea kikombe kimoja cha ulanzi. Nikishakinywa, vidole vinalegea na goti linakubali kunyooka. Akasema huenda ni kweli, na huenda pombe hiyo hiyo ndiyo inayonivimbisha. Wapo inaowasaidia kidogo, wapo inaowaumiza, na hata waliomfundisha hawakuwa na jibu moja. "Ila usichanganye na aspirini, utaharibu tumbo. Na kikombe kimoja kisije kikawa vitatu."

Nikasema basi nitaandika nilichokunywa na jinsi viungo vilivyoamka, mvua zikiisha nimletee asome mwenyewe. Akasema, "Andika, babu. Lakini uandike na siku utakazoshindwa."

Babu. Bado nina meno yangu yote ya mbele.

Leo kikombe kimoja. Vidole vizuri. Ameanza kushindwa yeye.

Jumatano, 12 Januari

Mvua kutwa. Kikombe kimoja. Vidole vizuri, goti la kushoto kaidi.

Alhamisi, 13 Januari

Mvua. Kimoja. Vizuri.

Jumapili, 16 Januari

Dereva wa lori la mbao ameleta salamu za Antoni, mwanangu mkubwa, anayelima mpunga Ubaruku. Anasema huko kuna joto. Wazee wa Kisukuma waliohamia kule wanaswaga ng'ombe kutwa na magoti hayawasumbui. Mvua zikiisha anataka kuja kunichukua, nikakae naye moja kwa moja.

Binti yangu Leokadia, mke wa Kalinga, ninayekaa kwake kwenye kibanda cha uani, alinyamaza wakati salamu zinatolewa. Kunyamaza kwake nakujua. Wameshazungumza.

Nikamwambia mimi siendi kufia kwenye mbu. Kwangu ni Lyamwiko, kule mlimani. Ndiyo, mwaka wa Operesheni Vijiji tulishushwa wote, tukapangwa huku barabarani nyumba mstari mmoja, unapiga chafya jirani anakuitikia. Lakini Lyamwiko haikuhama. Mianzi yangu iko kule, niliyoipanda nikiwa kijana. Severina wangu yuko kule, chini ya ile mianzi, tangu miaka mitatu kabla hatujashushwa. Tangu magoti yaharibike sijapanda hata mara moja. Kalinga ndiye anayekwenda kugema, na kile kikombe cha jioni ndiyo njia yangu ya kufika. Hilo sikumwambia Leokadia. Angelia.

Tumeafikiana hivi: kabla mvua hazijaisha, nikipanda Lyamwiko na kurudi kwa miguu yangu, habari za Ubaruku zisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Nikishindwa, nitapanda lori bila maneno.

"Mto umejaa, baba," alisema.

"Utapungua."

Jumamosi, 22 Januari

Kimoja. Vidole vizuri sana. Nimeshona kifungo.

Jumapili, 23 Januari

Leo nimetoa kisu changu cha kugemea, nikakipaka mafuta. Hakina kazi, lakini nilitaka kukishika. Chipukizi la mwanzi likikufika kifuani unalikata kichwa, unaliinamisha kidogo, unalitegea mbeta, kile kipande cha mwanzi chenye kitako. Asubuhi na jioni unarudi kulichonga upya, unyoya tu. Ukichonga kwa pupa, linakufa. Ukichonga kwa woga, halitoi. Severina alikuwa akinifuata nyuma na ndoo, na kila mara aliomba kuonja ule wa kwanza, mtogwa, ambao bado mtamu na haujachacha. Nilikuwa nikimwambia asubiri ulale uwe mkangafu kama watu wazima wanavyounywa. Alikuwa hasubiri.

Ulanzi wangu nifumbe macho nitaujua. Una utamu fulani unaokuja nyuma, ukishameza. Kalinga akiniletea naonja, namwambia, "Huu umetoka shina la karibu na kaburi," naye anaitikia, "Ndiyo, baba." Sijawahi kukosea.

Sio kama ule wa Silvester wa bondeni. Zamani kwenye ubatizo, mbele za watu, Silvester alisema ulanzi wa Lyamwiko umepooza. Mimi ule wake nauita maji ya kuoshea miguu. Sijauonja, na sitauonja.

Jumanne, 8 Februari

Kimoja. Kalinga amerudi mapema sana leo, miguu ina tope jeusi hadi kwenye vifundo. Kijana ana mbio. Ningekuwa na magoti yale nisingekuwa naandika ujinga huu.

Jumatano ya Majivu, 23 Februari

Padri ameuliza kila mtu ataacha nini Kwaresima hii. Mmoja akasema sukari, mwingine akasema tumbaku. Leokadia alinitazama tu. Na kanisa zima likanitazama.

Nimeacha ulanzi mpaka Pasaka. Nesi Juliana alikuwa amekaa benchi la akina mama, nikamwona anajizuia kucheka. Haya, naye atapata ushahidi wake.

Ijumaa, 25 Februari

Sikunywa. Vibaya.

Jumapili, 27 Februari

Sikunywa. Goti limevimba, vidole havikushika hata rozari. Naandika haya kwa ubishi mtupu. Si nilisema.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua haikatiki. Vibaya. Kalinga haji kibandani kwangu jioni kwa vile hana cha kuleta. Anapita uani, anasema "Kamwene, baba," naitikia "Kamwene," anakwenda zake. Sikujua jioni ni ndefu hivi. Nawaza nani anaigema ile mianzi sasa. Machipukizi yasipogemwa yanakomaa yanakuwa mianzi ya kujengea tu. Nimemwita Leokadia nikamuuliza. Akasema Kalinga anaigema, wanakunywa wengine. Nikaona wivu, mtu mzima mimi, na ni Kwaresima.

Jumapili, 20 Machi

Jua limetoka siku tatu mfululizo. Sinywi kitu. Vidole vizuri.

Nimefikiria nisiandike hili. Lakini yule binti alisema niandike na siku nitakazoshindwa.

Jumamosi, 26 Machi

Mvua imerudi, na maumivu yamerudi, lakini si kama ya mwanzo. Sijui. Kitu kimoja najua: wakati wa kikombe, ikifika saa kumi nilikuwa na jambo la kungojea. Sasa nangoja usingizi, nao unakuja kwa kiburi.

Namkumbuka sana Severina. Nilidhani nimeshazoea.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Jana ilikuwa balaa, na ni yangu mwenyewe.

Baada ya misa Kalinga alileta mbeta tatu za mkangafu, ule uliolala na kukomaa. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Pasaka. Nilipokimeza ule utamu ukaja nyuma na nikaiona Lyamwiko nzima, kizingiti cha nyumba, jiko, Severina ameinama anachochea moto. Nikataka kuiona tena. Cha pili. Cha tatu sikumbuki nilikinywea nini. Cha nne niliwaambia watu kwamba Silvester ni mchawi wa maji. Wakacheka, ila Kalinga hakucheka. Kabla ya kulala goti likaanza kuwaka nikameza aspirini mbili.

Leo alfajiri goti limekuwa kama boga. Kidole gumba cha mguu chekundu, hata shuka likikigusa naona nyota. Tumbo linaungua, nimetapika. Leokadia alikwenda mwenyewe kumwita Nesi Juliana, na siku ya sikukuu akaja, kwa miguu, na mwavuli wake.

"Vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

Leokadia akainua vidole vinne.

Nesi hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alinipa dawa ya tumbo, akaninyang'anya aspirini zote. "Babu, mimi sijakukataza kikombe chako. Mtu mzima akinywa kidogo jioni, akalala vizuri, siwezi kusema kinamdhuru kiungo. Lakini hili la kidole gumba ni jongo, halitaki mchezo. Ukinywa vinne unaliita mwenyewe."

Alipoondoka Leokadia alikaa kitandani akanikanda miguu na maji ya moto. Akasema, "Baba, kule Ubaruku kuna joto." Nikageukia ukutani.

Jumapili, 24 Aprili

Nimerudia kikombe kimoja. Kimoja cha kweli. Jioni viungo vinalegea, asubuhi vimekaza vilevile. Nimesoma niliyoandika nyuma, naona kila mahali nilipoandika "vizuri" nilikuwa nasema habari za jioni.

Jumanne, 3 Mei

Mvua zinaaga. Natembea mpaka kisimani na kurudi, kwa fimbo. Nimemwuliza Kalinga mto ukoje. Akasema umejaa bado. Mvua zimepungua, mto unajaa kwa nini? Akasema, "Ndivyo ulivyo, baba."

Jumapili, 15 Mei

Jana nimefika Lyamwiko. Naandika kidogo kidogo, vidole vinagoma.

Niliondoka Leokadia alipokwenda shambani. Mto ulikuwa wa kurukwa na mbuzi. Kupanda kulinichukua muda mrefu sana, napumzika kila penye jiwe, lakini nilikuwa na furaha, nasema na magoti kama mtu anavyosema na ng'ombe wa plau. Nilikuwa nimefunga kisu kiunoni. Nilitaka kuchonga chipukizi moja tu, la karibu na Severina.

Pale mwinuko unapoisha unaanza kuona mianzi yangu, vilele vyake. Nikafika nisivione. Nikadhani nimepotea njia, mtu kwao.

Mlima mzima umepandwa mipaini, ile miti ya mbao ya serikali. Midogo, haijafika goti, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Hakuna mianzi. Visiki vyake vipo, vyeusi, vimechomwa na kung'olewa, na majani yameanza kuota juu yake, kwa hiyo si jambo la mwaka huu. Nyumba imebaki mawe ya msingi. Nilivihesabu vyumba kwa fimbo: hapa tulilala, hapa Antoni alizaliwa.

Kaburi lipo. Mistari ya mipaini inalifikia, inaliruka, inaendelea. Msalaba umesimama wima na pamepaliliwa, palizi mpya kabisa.

Nilikaa chini nikalia. Naandika hivyo maana ndivyo ilivyokuwa. Nililia mpaka pua ikaziba, nikamwambia Severina, nimekuwa nakuja kila jioni, nilikuwa nafika wapi?

Kalinga alinikuta pale jua likishuka. Alikuwa amekimbia. Akasimama mbali, heshima ya mkwe, kofia mkononi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi, baba. Kiangazi."

"Na nani kapalilia hapa?"

"Mimi. Kila mwezi nakuja."

"Na ulanzi?"

Akatazama kofia yake. "Nilipokuletea mara ya kwanza hukuuliza ulikotoka. Ulionja, ukasema, huu ni wa shina la karibu na kaburi. Ukatabasamu. Tangu mama afariki nilikuwa sijakuona unatabasamu. Nikasema ndiyo. Halafu ikawa kila siku."

"Ni wa nani, Kalinga?"

"Wa mzee Silvester. Anatoa bure. Ameniambia nisikwambie, utautema."

Niliyomwambia sitayaandika. Aliyapokea yote. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Nilipotaja ulanzi wa Lyamwiko mbele za watu, wote walikuwa wanajua.

Kuteremka, magoti yalikataa. Nilijaribu kwa fimbo, nikajaribu kwa makalio kama mtoto. Mwisho Kalinga akachuchumaa, akanipa mgongo. Mkwe ambebe baba mkwe, jambo hilo sijaliona tangu nizaliwe. Nilipanda mgongoni. Alinibeba mpaka nyumbani.

Kwa hiyo Lyamwiko nimefika. Kurudi sikurudi kwa miguu yangu. Leokadia hakunikumbusha maafikiano.

Jumamosi, 21 Mei

Sijanywa tangu siku ile. Vidole ni vilevile vya Kwaresima.

Leo nimempelekea Nesi Juliana maandishi haya, akayasoma yote, mengine kwa sauti. Alipofika pale Lyamwiko akasoma kimya. Akaniuliza, "Sasa mzee, wewe unasemaje?" Ameacha kuniita babu.

Nikamwambia: kimoja jioni kilinilegeza, asubuhi hakikunisaidia kitu. Vinne vilitaka kuniua. Bila ulanzi niliumia, kisha jua likatoka, nikapona bila ulanzi. Na mimi nilikuwa nakunywa Lyamwiko, kumbe Lyamwiko haikuwemo.

"Lakini vidole vililegea?"

"Vililegea."

"Basi hilo nalo ni kweli," akasema, akanirudishia.

Jumatano, 25 Mei

Antoni anakuja wiki ya kwanza ya Juni. Baridi imeanza, asubuhi nyasi nyeupe. Leokadia amefua mashati yangu.

Jumapili ya Pentekoste, 29 Mei

Baada ya misa Leokadia aliniambia, "Baba, umekunywa ulanzi wa mtu masika nzima. Utaondoka bila kumshukuru?" Nikamwambia yeye ndiye aliyenidanganya. Akasema, "Nilikudanganya. Na asante hujasema." Huyu ni mama yake mtupu.

Nikaenda bondeni, polepole. Tope la njia ile jeusi. Silvester alikuwa kwenye mianzi yake anavua mbeta za mwisho, maana machipukizi yamechoka, msimu umeisha. Amezeeka. Nami sijui ananionaje.

"Baba Antoni," akasema. "Karibu."

"Nimekuja kushukuru."

"Haya."

"Na siku ya Pasaka nilikutukana."

"Niliambiwa. Mchawi wa maji." Akavuta kigogo nikae. Akamimina kikombe, si kikubwa, akakishika bila kunipa. "Utautema?"

Nikakichukua. Nilitaka kuutema, kweli. Nilitaka nionje maji ya kuoshea miguu, nijue kwamba tangu Januari ulimi wangu ulikuwa mpumbavu. Nikameza, na ule utamu ukaja nyuma, uleule. Nikageuka nikaitazama ile mianzi vizuri, shina moja moja, jinsi majani yanavyokaa, jinsi vifundo vinavyopandana.

"Mianzi hii si ya bondeni," nikasema.

"Si ya bondeni."

"Umeitoa wapi?"

Silvester alifuta kisu chake kwenye suruali. "Mwaka ule wa njaa, wewe ulikuwa Mafinga kwenye kiwanda cha mbao. Ya kwangu ilikuwa imekufa. Mama Antoni aliteremka na mashina matatu kichwani, mizizi ina udongo mwekundu. Nikamwambia, mumeo atasemaje? Akasema, usimwambie, atagomba. Nikampa neno langu." Akaniangalia. "Ningekwambia siku yoyote, lakini wewe hukuwahi kuja."

Nilitoa kisu changu kiunoni. Vidole havikuuzunguka mpini vyote, vitatu tu. Silvester hakunisaidia, na ninamshukuru kwa hilo. Akanionyesha chipukizi lililobaki na nguvu, nikalichonga mara moja. Nililichonga kombo. Baada ya kitambo likatoa tone, likaning'inia, likaanguka kwenye mbeta.

Nimemwambia naondoka na Antoni baridi hii. Mvua zikianza nitarudi, hata kwa lori la mbao, aniachie shina moja la kuchonga. Akasema ataniachia yote matatu, ni yangu.

Kikombe kimoja leo. Magoti yanauma njia nzima ya kurudi na sasa vidole vinauma kuandika. Nesi Juliana atasoma hili apendavyo.

Mama Antoni, ungeniambia tu. Ningegomba siku mbili, halafu ningeteremka tukaunywe wote.